Chupa Zilizopita Bila Kupigwa Picha

Vijana wangu, mnaponipigia simu kulalamika kwamba kamera ya kiwandani haikimbii, wote mnaanza na wimbo mmoja: kamera ni mbovu, tununue nyingine. Mimi nashusha kikombe cha chai, halafu nauliza taa yenu ikoje. Hapo mnanuna. Mnaona mzee ameanza kuchanganyikiwa, kaulizwa habari za kamera naye anajibu habari za taa. Basi leo nawaandikia yote mara moja, mniache ninywe chai yangu ingali ya moto.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa katika kiwanda kidogo cha maziwa pale Mbarara, Uganda. Nilikuwa msaidizi wa fundi umeme, na kamera iliyokagua vifuniko vya chupa ilikuwa chini yangu. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga picha katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwa na kibanda karibu na soko la Base Camp, tangu tulipofika kutoka Kivu ya Kusini kule Kongo mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu hudhani kazi hizo mbili ni ndugu. Si kweli. Mpiga picha anamwambia mtu simama, tabasamu, inua kidevu. Chupa huwezi kuiambia simama. Inakuja, inapita, na kama hukuipiga picha ilipokuwa mbele yako, imekwenda zake.

Kibandani nilijifunza sheria moja tu ya maana: usikate viatu. Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Juru, upande mwingine wa kambi. Alikuwa ametembea pekupeku njia nzima, viatu vyake vyeusi kavining'iniza shingoni kwa kamba zake visishike vumbi. Akanawa miguu, akavaa, akasimama wima mbele ya pazia langu la maua. Nilipompa picha aliigeuza juu chini, akatazama na nyuma yake.

“Papa, miguu yangu iko fasi gani?”

Nikamweleza kwamba uso umetoka vizuri sana.

“Uso banaujua,” akasema. “Kule nyumbani banataka kuona kama ninavaa viatu.”

Nilimpiga nyingine palepale. Tangu siku hiyo, kila aliyesimama mbele yangu alitoka mzima kuanzia utosi hadi soli, na chini nilimwachia kipande cha sakafu ili asionekane anaelea. Watu walinipenda kwa hilo. Walitoka mpaka Ngarama kuja kupigwa picha na yule asiyekata miguu.

Sasa niwatajie watu wa kiwandani. Fundi wangu aliitwa Tumwine, Mnyankore mrefu mwenye maneno machache, aliyeniita ssebo, yaani bwana, na aliyenifundisha umeme kwa kunipiga vidoleni na bisibisi kila niliposahau kuzima swichi. Meneja alikuwa Bi Kyomugisha. Alikuwa mkali lakini si mwonevu, na akitoa neno halirudi. Na Mama Furaha alikuwa jirani yangu wa Juru, mjane, ambaye mimi ndiye nilimwonyesha njia ya kiwanda. Yeye alikaa mwisho wa mkanda, baada ya kamera. Chupa ikiwa na kifuniko kibaya, kamera iliamuru bomba la hewa, nalo likaipuliza kando. Mama Furaha aliziokota hizo zilizopulizwa, na zilizopita alizitupia jicho kabla ya kuzipanga kwenye kreti. Kazi hiyo ndiyo iliyomweka binti yake Furaha katika shule ya sekondari pale mjini.

Kamera ilipofungwa mara ya kwanza, mkanda ulikwenda polepole, kama bibi harusi. Tumwine aliniachia nipange picha kwa kuwa nilikuwa mtu wa picha. Nikaiweka chupa nzima: kifuniko, shingo, tumbo, kitako, na kipande cha mkanda chini yake. Tena kwa rangi. Tumwine akaitikia kwa kichwa, ameridhika. “Eh, weka yote, ssebo. Chupa bila chini ni chupa gani?” Bi Kyomugisha naye akapenda, akaomba picha hizo zionekane kwenye kompyuta ya ofisini kwake, wageni waone. Kwa hiyo sote watatu tulikubaliana, na kwa muda mrefu hakukuwa na shida yoyote. Mkanda ukiwa wa polepole, kamera yoyote ni hodari. Hilo liandikeni ukutani.

Kisha ikaletwa mashine mpya ya kujazia na kufunika chupa. Hiyo ilikuwa na haraka. Ilitoa chupa kwa makundi, mbili tatu zimegusana, halafu nafasi, halafu kundi jingine. Haukupita muda, Hajji, mfanyabiashara aliyechukua maziwa yetu na kuyauza mjini na kule kambini, akaanza kurudisha kreti zilizolowa na kunuka. Vifuniko vilikaa upande, maziwa yakavuja na kuganda njiani. Alikuja mwenyewe, kanzu yake kaikunja mkononi isiguse kreti, akamwambia meneja kwa upole kwamba yeye huuza maziwa, hauzi harufu. Akiona kreti moja zaidi ya namna hiyo atatafuta kiwanda kingine.

Bi Kyomugisha akapiga hesabu yake kichwani. Baada ya mashine ya kujazia kuna kamera, na baada ya kamera kuna Mama Furaha.

“Kamera haichoki,” akasema kwa Kiswahili chake kinachomeza mianzo ya maneno. “Mtu nachoka. Huyu mama nalala pale.”

Mama Furaha alinifuata kwenye stoo ya vipuri, macho mekundu. “Papa Amani, miye silale. Naangalia mpaka macho inatoka maji. Bintu binapita mbio, siwezi kushika yote. Lakini ile mashini yako nayo, kuko wakati inaacha tu. Sasa banifukuze juu ya nini?”

Niliogopa, nawaambia wazi. Niliogopa kwa ajili yake, na niliogopa kwa sababu watu wa kambini tulikuwa wachache mle ndani, na akifukuzwa mmoja kwa uzembe wengine tungetazamwa kwa jicho lilelile. Nikaenda kwa Tumwine. Yeye hakusema pole wala nini. Alisema, “Kaare,” yaani sawa, “tuulize chupa.”

Sikilizeni alivyoziuliza, maana njia hiyo bado ni nzuri kuliko zote mnazofanya kwa kompyuta zenu. Mchana, mashine ya kujazia ilipokuwa inaoshwa, tulijaza chupa kadhaa maji na kuziacha wazi, bila kifuniko hata kimoja. Chupa isiyo na kifuniko kamera ikiiona haiwezi kubabaika, lazima ipulizwe. Kwanza Tumwine aliziweka mkandani moja moja, zimeachana. Zote zikapulizwa. Kisha akazizuia kwa mkono, akaziachia kwa kundi, zimegusana, kama zinavyotoka kwenye mashine mpya. Ya kwanza ikapulizwa. Ya pili ikapita kichwa wazi, maji yanachezacheza mdomoni, hana habari nayo mtu. Ya tatu ikapulizwa.

“Unaona?” Mama Furaha akashika kichwa. “Unaona na macho yako? Banasema ninalala, kumbe inayolala ni ile!”

Haikuwa inalala. Ilikuwa na kazi. Kila picha inakula muda mara mbili. Kwanza ni muda wa kufungua jicho na kupokea mwanga. Pili ni muda wa kutoa ilichokiona, mstari kwa mstari kuanzia juu hadi chini, na kukituma kwenye kompyuta. Zipo kamera zinazofungua jicho huku zikitoa picha iliyotangulia, lakini yetu ilikuwa imepangwa kumaliza moja ndipo ianze nyingine. Chupa ya pili ilipofika, kile kitaa chekundu kinachohisi chupa kiliiambia kamera piga, nayo ilikuwa bado na ya kwanza mdomoni. Amri ikapotea. Haikupiga kelele, haikuwasha taa ya hatari. Kamera iliyozidiwa hainung'uniki, na hapo ndipo inapowadanganya vijana wengi.

Tumwine alimwita meneja akamwonyesha. Nilidhani mambo yameisha. Bi Kyomugisha alitazama chupa zikipita kichwa wazi, akavuta pumzi.

“Sawa, kamera iko na makosa. Lakini Hajji hanunui sababu, nanunua maziwa. Kama kamera naacha, mtu lazima ashike. Kama huyu mama hawezi, naweka msichana mwenye macho mapya. Jumamosi asubuhi mimi nakuja kuona hii chupa yenu tena.”

Akaondoka. Jumamosi haikuwa mbali.

Tulianza na taa, na ndiyo maana mpaka leo nawauliza habari za taa. Kioo chake kilikuwa kimeshika ukungu wa maziwa na mvuke, safu juu ya safu, kwa kuwa waosha mashine waliogopa kukigusa. Mwanga ulivyofifia, mmoja wetu alikuwa akiongeza muda wa jicho kufunguka, kidogo leo, kidogo mwezi ujao, mpaka kamera ikawa inatumbua macho kama mtu anayetafuta sindano gizani. Mwanga mdogo, jicho linafunguka muda mrefu. Jicho likifunguka muda mrefu, picha zinakuwa chache kwa sekunde, tena zinatoka na ukungu kwa sababu chupa inatembea. Tulisugua kioo, tukaisogeza taa karibu, tukapunguza muda wa jicho. Tukaachia kundi la chupa. Chupa ya pili bado ilipita, lakini si kila mara.

Tukahamia kwenye waya. Waya wa kamera ulipita katika kisanduku kilekile kilichounganisha kompyuta za ofisi, maana aliyeufunga aliona ni ufujaji kununua cha pili. Tumwine akainama kutazama vitaa vya kisanduku. Vilikuwa vinawaka bila kupumua. Tukafuata chanzo mpaka ofisini, tukamkuta karani mmoja ametulia, ananakili video ya kuhingira ya dada yake, yaani ya kumuaga bibi harusi kwao, kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, sherehe nzima, ng'ombe na wasemaji na ngoma zote.

“Banange!” Tumwine akasema. “Maziwa nangoja bibi harusi apite!”

Karani aliomba radhi, akatuonyesha dada yake alivyopendeza, na kweli alipendeza. Tuliipa kamera waya wake peke yake hadi kwenye kompyuta yake. Papo hapo tukaiondoa kwenye rangi tukaiweka kwenye nyeusi na nyeupe, kwa kuwa kifuniko kilichokaa upande kinaonekana upande hata bila rangi yake ya buluu, na rangi ni mzigo wa bure njiani. Tena tukaikataza kompyuta kutunza kila picha. Ilikuwa inaweka chupa nzuri zote, kama mama anayetunza picha za wanawe, na kila kuweka kulichukua muda. Tukaiambia tunza mbovu tu. Mama Furaha alikuja na chai akatukuta tumelala chali chini ya mkanda.

“Inaendelea?”

“Inaendelea,” nikamwambia.

“Unanidanganya, Papa Amani. Sauti yako inasema hapana.”

Alikuwa sahihi. Kundi likiachiwa, mara moja moja chupa ilikuwa bado inapenya. Na kwa Bi Kyomugisha, mara moja moja ni sawa na kila mara.

Ijumaa niliketi mbele ya kompyuta nikiwa nimekata tamaa. Kwenye programu ya kamera, pembeni ya picha, kulikuwa na namba iliyoonyesha kamera inaweza kupiga picha ngapi kwa sekunde kwa jinsi ilivyopangwa. Nikafikiri, labda picha ni kubwa mno. Nikavuta ukingo wa kushoto ndani, nikavuta wa kulia ndani, chupa ikabaki imebanwa kama imesimama mlangoni. Namba haikutikisika. Nikavunjika moyo zaidi. Wakati nahangaika, kipanya kikateleza, ukingo wa chini ukapanda, kitako cha chupa kikakatika. Mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaushusha tena.

Tumwine alikuwa amesimama nyuma yangu. “Ssebo! Umefanya nini pale?”

“Sikufanya kitu. Niliikata miguu kwa bahati mbaya, nimeirudisha.”

“Namba ilipanda!”

“Ilipanda?”

“Ilipanda, mimi nilikuwa naona! Kata tena!”

Wanangu, nilikata. Niliona haya kana kwamba yule bwana wa Juru amesimama mlangoni, lakini nilikata. Kitako kikaenda, namba ikapanda. Tumbo likaenda, ikapanda tena. Nikafika shingoni nikasimama, kimebaki kifuniko, pete yake, na nafasi ndogo juu na chini. Namba ilikuwa imepanda hata Tumwine, mtu asiyecheka, akacheka mpaka akashika meza. Kamera yetu ilikuwa inasoma mistari ya picha moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini. Ukipunguza mistari, inamaliza mapema. Ukipunguza upana, kwa kamera ya aina ile, mistari ni ileile, umefupisha tu kila mmoja, wala haikusaidii. Muda wote huo tulikuwa tunaisomesha tumbo na kitako cha kila chupa, na ugonjwa ulikuwa kichwani.

Msidhani ilikwisha hapo. Dirisha likiwa jembamba, chupa ikirukaruka kidogo kifuniko kinatoka nje ya picha, na kamera inapuliza chupa nzuri. Ilitubidi tubane vyuma vya pembeni vya mkanda zisiyumbe. Na kwa kuwa sasa kutoa picha kulikuwa kwepesi, kilichobaki kutuchelewesha kilikuwa tena muda wa jicho, basi tukairudia taa, tukaiongezea mwenzake upande wa pili. Ndivyo kazi hii ilivyo. Ukimwondoa anayekuchelewesha, aliyekuwa nyuma yake anasogea mbele. Unawaondoa mmoja mmoja, na unaacha pale mkanda unaporidhika, si pale kiburi chako kinaporidhika. Kijana mmoja wenu alinieleza kwa majivuno kwamba kamera yake inapiga picha mara nyingi kuliko chupa zake zinavyopita. Nikamuuliza hizo za ziada anampelekea nani.

Jumamosi asubuhi Mama Furaha alifika mapema. Hakuwa amevaa kikazi. Alikuwa na kitenge chake cha kanisani, na mkononi mfuko wa plastiki. Ndani yake aliweka eproni ya kiwanda, imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa vizuri, na buti za mpira juu yake. Anayeachishwa kazi hurudisha vitu vya kiwanda vikiwa safi, na yeye hakutaka kuambiwa mara mbili. Nilimwambia kamera imepona. Akaniitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu anayekufariji msibani.

Bi Kyomugisha alikuja na kalamu yake sikioni. Hakusalimu sana. Tumwine akajaza chupa maji, akaziacha wazi, akazibana kwa mikono yote miwili, kundi kubwa kuliko lolote ambalo mashine ingetoa. Akaziachia.

Bomba la hewa likalia mfululizo, pa-pa-pa-pa, chupa zikaruka kando moja baada ya nyingine, maji yakatumwagikia sote, meneja na viatu vyake. Mwisho wa mkanda haikufika hata moja.

“Tena,” akasema.

Tumwine akaziachia tena. Haikufika hata moja. Meneja akachukua chupa mwenyewe, akazipanga mwenyewe, nyingine kavikalisha vifuniko upande nusu nusu, akazisukuma mwenyewe kwa nguvu. Bomba likalia. Zile mbovu zote zikaruka, nzuri zikapita.

Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku Hajji alipokunja kanzu yake. Tumwine akanigusa kidoleni na bisibisi, polepole, na hiyo kwake ilikuwa sifa kubwa. Wala sisi wawili hatukutazama mkanda. Tulimtazama Mama Furaha, aliyesimama karibu na ukuta, mfuko wake kaukumbatia kifuani, hajui kama asogee au asubiri.

Bi Kyomugisha akafuta maji usoni kwa kiganja, akageuka kuelekea ofisini. Alipofika kwa Mama Furaha akasimama, akamtazama kuanzia kitenge hadi mfuko.

“Nyabo, eproni iko wapi? Vaa, mashine naanza saa hii.”

Akaenda zake. Mama Furaha alitugeuzia mgongo, akaitoa eproni mfukoni, akajifunga kwa haraka, akakimbilia kiti chake mwisho wa mkanda. Alikuwa ameivaa ndani nje. Alifanya kazi hivyo kutwa nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.